SI LAZIMA UWE WAKILI NDIPO UMTETEE MWENZIO

Ndugu wafanyakazi wa Kitui na Makueni,

Kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi sana siku hizi. Nimeulizwa Mwingi, nimeulizwa Wote, nimeulizwa Kibwezi, na hata ndani ya lori la mchanga nilipopewa nafasi ya kukaa na dereva. Vijana waliomaliza shule wanauliza, na wazazi wao wanaouza mbuzi ili walipe karo wanauliza vile vile: Je, mtu aweza kuwa wakili bila digrii ya sheria?

Leo nataka kulijibu swali hilo. Jibu lake la kwanza ni fupi. Jibu la pili ni refu kidogo, na hilo ndilo linalotuhusu sisi watu wa chama.

Jibu la kwanza ni hili. Katika Kenya ya leo njia ya kawaida ya kuwa wakili ni digrii ya sheria. Mtu husoma miaka minne katika chuo kikuu. Kisha huingia Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, Nairobi. Kisha hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu ili ajifunze kazi. Akishinda mitihani yote huapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili. Asiyepita njia hiyo akijiita wakili anavunja sheria, na aweza kushtakiwa.

Mnakumbuka mwezi wa Oktoba 2023. Magazeti yalijaa habari za kijana mmoja wa Nairobi. Chama cha Mawakili kilisema ya kwamba alikuwa akijifanya wakili hali yeye hayumo katika orodha yao. Watu wengi mabarabarani walicheka na kupiga makofi. Walisema, "Amewashinda hata waliosoma!" Hata katika vyama vya wafanyakazi walitokea wakubwa waliomsemea vizuri.

Mimi sikupiga makofi. Kama habari zile zilikuwa kweli au uongo si kazi yangu kuamua. Lakini nauliza: mfanyakazi aliyefukuzwa kazi akimpa kesi yake mtu asiye wakili kwa jina la uwakili, na mambo yakafichuka katikati ya kesi, ni nani atakayeumia? Si jaji wala si tajiri. Ni yule yule mfanyakazi, ambaye amekwisha kuumia mara moja.

Hata hivyo naelewa kwa nini watu walipiga makofi. Walifurahi kumwona mtu amepita mlango ambao kwao umefungwa kwa kufuli la fedha. Hawakuwa wanaupenda udanganyifu. Walikuwa wanachukia kufuli. Basi na tuliangalie kufuli hilo, tujue liliwekwa lini.

Tukumbuke ya kwamba uwakili haukuwa kazi ya digrii peke yake tangu zamani. Mwaka 1952 Nelson Mandela na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili Johannesburg. Wakati huo Mandela hakuwa na digrii ya sheria. Aliijaribu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand akashindwa kuimaliza. Alikuwa amejifunza kazi akiwa karani katika ofisi ya mawakili, akafanya mtihani wao, akaruhusiwa. Digrii yenyewe ya sheria aliipata mwaka 1989, kwa njia ya posta, akiwa bado mfungwa. Je, watu waliotetewa na Mandela miaka ile ya 1950 walitetewa na mtu asiyejua sheria? Hapana. Walitetewa na mtu aliyeijua kwa kuifanya.

Hapa kwetu Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Nchi nzima haikuwa na mahali pa kumfundisha mtu sheria. Aliyetaka uwakili ilimpasa aende ng'ambo. C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili katika Kenya, alisoma Uingereza. Ni watoto wangapi wa Kitui walioweza kupata nauli ya meli? Baadaye, mwaka 1961, masomo ya sheria yalianzishwa Dar es Salaam, na hapo ndipo vijana wa nchi zetu walipopata nafasi karibu na nyumbani. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, alisoma sheria Dar es Salaam, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Hayo yatosha kuonyesha ya kwamba akili haikukosekana Ukambani. Kilichokosekana kilikuwa mlango.

Sasa sikilizeni jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. Chuo cha Sheria cha Kenya kilipoanzishwa mwaka 1963, kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha makarani. Kijana aliandikishwa chini ya wakili, akafanya kazi ofisini, akabeba mafaili, akaandika barua, akaenda kortini kusikiliza, na kwa wakati wake akasoma katika chuo na kufanya mitihani. Akimaliza, alikuwa wakili, bila ya kukanyaga chuo kikuu. Njia hiyo ilikuwa halali kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha digrii ya sheria mwaka 1970, njia ya karani ilianza kufifia, na mwisho ikafungwa. Kwa hiyo kufuli hili si la tangu Adamu. Liliwekwa na watu, na watu waweza kulifungua.

Kwingineko halikuwekwa, au limekwisha kufunguliwa. Katika majimbo machache ya Marekani, kama California na Virginia, mtu aweza hata leo kujifunza sheria ndani ya ofisi ya wakili au jaji, kwa miaka iliyowekwa, kisha akaketi kwa mtihani ule ule wa mawakili wengine. Uingereza nayo imeanza tena kuwachukua vijana kazini, wakalipwa mshahara huku wakisoma, mpaka wakawa mawakili. Kwao hiyo si aibu. Na wazee wetu wa nzama, je? Mzee wa nzama alijifunza kuamua kesi kwa kukaa kando ya wazee waliomtangulia, miaka mingi, akisikiliza zaidi ya kusema. Hakuna aliyemwuliza cheti.

Hayo ndiyo mambo ya uwakili. Sasa nije katika jibu la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Ndugu zangu, wakati sisi tunalilia mlango uliofungwa, upo mlango mwingine ambao uko wazi, na sisi hatupiti. Sheria ya Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ya mwaka 2011, kifungu cha 22, yasema ya kwamba mtu mwenye kesi ya kazi aweza kujisimamia mwenyewe, au kusimamiwa na wakili, au kusimamiwa na ofisa wa chama chake cha wafanyakazi. Someni tena. Ofisa wa chama chake. Sheria haikusema awe na digrii. Yataka awe ofisa wa chama, na mwenye kesi awe mwanachama.

Wala hili si jambo geni. Korti ya Viwanda ilipoanzishwa mwaka 1964, Saeed Cockar akiwa rais wake wa kwanza, makatibu wa vyama walisimama mbele yake na kutetea mishahara na kazi za wenzao. Wengi wao walikuwa wametoka viwandani, relini na bandarini. Haki hiyo tuliirithi kwao, lakini tumeiweka sandukuni.

Wengine watasema, "Korti ya Kazi iko mbali na sisi." Ni kweli kwamba kutoka Mutomo au Mtito Andei kwenda Machakos ni safari na gharama. Lakini tangu mwaka 2018 mahakimu wa cheo cha Hakimu Mkazi Mwandamizi na kuendelea wamepewa uwezo wa kusikiliza kesi za kazi za watu ambao mshahara wao wote kwa mwezi haupiti shilingi 80,000. Ni wangapi kati yetu wanaopata zaidi ya hapo? Mpakiaji wa magunia Emali? Mpishi wa hoteli ya barabarani? Mkata mkonge? Basi kesi yako yaweza kusikilizwa katika korti ya hakimu iliyo karibu nawe. Na kifungu cha 22 hakikutaja Korti ya Kazi peke yake. Kimetaja na korti za chini.

Sasa niwape ushuhuda wangu, ingawa unanitia aibu.

Mwaka 2014 nilikuwa katibu mpya wa tawi. Ndugu mmoja, mwanachama wetu aliyelipa ada yake kila mwezi kwa miaka saba, alifukuzwa kazi upande wa barabara ya Mombasa. Aliambiwa saa tatu asubuhi ya kwamba hatakiwi tena, na saa nne alikuwa nje ya lango akiwa na mfuko wake. Hakuitwa kujieleza. Hakupewa barua. Alinijia jioni ile ile. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hili ni jambo la mawakili. Tafuta wakili."

Alimtafuta. Wakili alitaka malipo ya kwanza kuliko mshahara wa miezi miwili. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mtu aliyefukuzwa kazi ni mtupu kuliko yote. Akaniambia atarudi nyumbani alime, apate fedha, ndipo aanze kesi. Nikamwambia ni vyema, angoje. Mvua haikunyesha. Mwaka wa pili haikunyesha vizuri. Mbuzi waliuzwa kwa chakula cha watoto. Aliporudi akiwa na fedha za wakili, ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi minne. Wakili alihesabu tarehe kwa kidole, akafunga faili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miaka mitatu kuleta kesi ya namna ile korti. Ikipita, imepita.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini tumbo lililoumia halikuwa langu, lilikuwa lake, na aliyemwambia angoje ni mimi. Kifungu cha 22 kilikuwa kimekwisha kuwa sheria kwa miaka mitatu siku ile aliyonijia. Ningaliweza kusimama naye. Sikujua. Sikuwa nimesoma. Tajiri wake alimwonea mara moja, nami katibu wake nikamwonea mara ya pili kwa ujinga wangu.

Baada ya hapo nilitafuta vitabu vya sheria ya kazi. Nilisoma usiku, kwa shida, maana Kiingereza chake ni kizito kama mawe. Mara ya kwanza niliposimama kortini, nikimtetea mama mmoja mfagiaji, miguu ilitetemeka hata nikashika meza. Niliulizwa mimi ni nani. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni ofisa wa chama cha mlalamikaji, nimesimama kwa kifungu cha 22." Kortini hapakuwa na aliyecheka. Tuliendelea. Mama yule alilipwa fedha za notisi na za likizo aliyonyimwa. Kesi iliyofuata nilishindwa, kwa kuwa sikuleta karatasi za mshahara za kutosha. Nimejifunza kwa zote mbili.

Tena nimejifunza ya kwamba kesi nyingi huamuliwa kabla hazijafika kortini. Sheria ya Ajira, kifungu cha 41, yamtaka tajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa kuwa kazi yake ni mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilize anavyojitetea. Na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama hapo kazini, akiwa amekaa kando yake. Kama mwakilishi huyo ajua kazi yake, ataandika kila neno, tarehe, saa, na majina ya waliokuwamo. Kesho kutwa karatasi ile ndiyo itakayosema kortini. Kama hajui, atakaa kama mgeni arusini, na mwenzake atatia sahihi asichokijua.

Wapo watakaonipinga. Wakili mmoja rafiki yangu aliniambia, "Katibu, mwaharibu kesi. Kesi iliyoharibiwa ni mbaya kuliko kesi isiyoletwa." Neno hilo lina ukweli, wala silikatai. Nimewaona makatibu waliosimama kortini bila ya kusoma faili, wakapiga kelele za mkutano wa hadhara mbele ya jaji anayetaka ushahidi. Nimesikia pia habari za maofisa waliochukua fedha mkononi kwa mwanachama ili "kesi iende mbio". Hao si watetezi, ni wezi wenye kadi ya chama.

Lakini dawa ya ujinga ni kufundishwa. Dawa yake si kufunga mlango. Daktari mbaya hatufanyi tuchome hospitali. Basi nashauri mambo matano, na nawaomba matawi yayajadili katika mkutano ujao.

Kwanza, kila tawi, la Kitui na la Makueni, lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kusoma na kuandika vizuri na wenye subira. Kazi yao iwe kusoma sheria za kazi: Sheria ya Ajira, Sheria ya Mahusiano ya Kazi na Sheria ya Korti yenyewe. Chuo cha Kazi cha Tom Mboya kule Kisumu ni chuo cha wafanyakazi. Tuombe kitusaidie kuwafundisha. Chuo cha Sheria nacho kina kozi ya wasaidizi wa sheria, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi hao. Tawi likiweza, limlipie mmoja.

Pili, watu hao wakae kando ya katibu katika kila kesi, tangu barua ya kwanza mpaka hukumu. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya karani, na ndiyo iliyokuwa njia ya nzama. Wapewe cheo cha uofisa kwa njia halali ya katiba ya chama chetu, maana kifungu cha 22 kinamtaka ofisa, si mtu yeyote aliyevaa tai.

Tatu, kila tawi liwe na daftari la tarehe. Mwanachama akifukuzwa, siku hiyo hiyo iandikwe. Siku 90 za kupeleka malalamiko ya kufukuzwa Wizara ya Kazi zihesabiwe. Miaka mitatu ya korti ihesabiwe. Daftari la shilingi hamsini lingaliokoa haki ya yule ndugu yangu.

Nne, ofisa wa chama asichukue fedha ya mwanachama kwa kumtetea. Ada yake ya kila mwezi ndiyo malipo. Wala asijiite wakili hata siku moja, hata kwa mzaha, hata watu wakimwita hivyo sokoni. Aseme, "Mimi ni ofisa wa chama." Jina hilo latosha, tena lina heshima yake. Na jambo likiwa zito kuliko nguvu zetu, kama rufani, chama kimtafute wakili wa kweli na kumlipa kwa mfuko wa wote. Kujua mahali uwezo wako unapoishia ni sehemu ya kujua sheria.

Tano, na hapa nawarudia wale vijana na wazazi wao. Chama chetu, kwa mkono wa COTU, kiiombe Serikali na Baraza la Elimu ya Sheria lifungue tena njia ya karani. Hatuombi mtihani rahisi. Mtihani uwe ule ule anaoufanya mtoto wa tajiri, usipunguzwe hata swali moja. Tunachoomba ni njia mbili za kuufikia: mmoja apite chuo kikuu, mwingine apite kazini, miaka mingi, chini ya wakili, na ile miaka ya kutetea wenzake katika Korti ya Kazi ihesabiwe. Akishindwa mtihani, arudi nyumbani. Akishinda, aapishwe.

Najua ombi hilo laweza kuchukua miaka. Mimi huenda nisilione. Lakini mambo manne ya kwanza hayangoji Bunge wala baraza. Yanangoja mkutano wa tawi, daftari moja, na watu wawili walio tayari kusoma usiku.

Basi kijana aliyeniuliza ndani ya lori la mchanga, jibu langu ni hili. Uwakili una njia yake, na kama una karo, ipite, sisi tutafurahi. Kama huna, usilale ukilia mlangoni. Njoo chamani. Kaa kando yetu. Beba faili. Soma kifungu cha 41 mpaka ukijue kama jina la mama yako. Siku mwenzako atakapoitwa ofisini kwa tajiri, uwe wewe uliyekaa naye, ukiwa na kalamu mkononi.

Na ninyi makatibu wenzangu, mtu akiwajia jioni akiwa na mfuko wake, amefukuzwa leo, msimwambie angoje. Andikeni tarehe kwanza.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi